Niuze kiwanja cha Pongwe nikasome masta ya unasihi?

Shikamoo Bi Mwalimu,

Mie ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga mjini, miaka 34, nina mume na watoto wawili, nafundisha Kiswahili na Historia vipindi 26 kwa wiki. Nakuandikia saa tano usiku watoto wamelala, baba yao yuko shifti, kama kuna maneno yamekosewa nisamehe maana simu yangu kioo kimepasuka pale kwenye herufi.

Miaka mitatu nyuma mkuu wetu wa shule alisimama kikaoni akasema inatakiwa kila shule iwe na walimu wa unasihi, yaani wa kuwasikiliza na kuwashauri wanafunzi, wa kike na wa kiume, akaangaza macho kulia kushoto afu akasema mama Nasra wewe una huruma, utakuwa wewe. Basi ndo nikawa mnasihi, hivohivo. Nikapelekwa semina ya siku tatu, daftari, kalamu, soda na nauli, nikarudi. Ofisi niliyopewa ni stoo, upande huu mafagio na majembe na ndoo, upande huu meza na viti viwili, na kati yangu na ofisi ya walimu ni plaiwudi tu, yaani mwalimu wa hesabu akipiga chafya namwambia pole nikiwa nimekaa kwangu.

Sasa mwaka jana alinijia mtoto wa kidato cha tatu, nitamwita Z. Alikuja mapumziko ya saa nne akasimama mlangoni, mguu mmoja juu ya mwingine, anafuta vumbi la kiatu kwenye soksi. Nikamwambia ingia mwanangu. Kakaa kimya muda mrefu, afu akasema mwalimu usimwambie mtu. Nikamwambia simwambii mtu, wallahi tena. Ndo akanieleza kuwa baba yake mdogo kapokea posa, na mahari nusu imeshatolewa, na anasubiriwa likizo ya Juni tu afungwe ndoa. Ana miaka 16.

Bi Mwalimu, usiku ule sikulala. Asubuhi nikaona hili ni zito kwangu, nikaenda kwa mkuu. Mkuu akamwita mwalimu wa nidhamu, mwalimu wa nidhamu akampigia simu baba mdogo, baba mdogo akaja shuleni anafoka mpaka madirisha ya kidato cha pili yakajaa vichwa. Saa nane shule nzima inajua. Ustawi wa jamii wakaingia baadaye na ndoa haikufungwa, hilo namshukuru Mungu, ila mtoto kapelekwa kwa bibi yake Pangani na shule hajarudi mpaka leo. Mwezi uliopita nilimuona soko la Ngamiani, kashika kikapu, macho yakakutana, akavuka barabara.

Toka siku ile nataka kwenda kusoma. Nataka niwe mnasihi wa shule wa kweli, mwenye masta, sio wa semina ya soda. Nimepata njia tatu. Moja, kuna wakala nimeunganishwa naye WhatsApp anasema kuna masta ya chuo cha Marekani, ya unasihi wa shule kabisa, unasoma onlaini miezi 10, dola 3,800, hakuna mazoezi wala kusafiri, unasoma na kuandika tu, ila dola 500 zinatakiwa kabla mwezi haujaisha maana nafasi zimebaki chache. Mbili, niombe ruhusa niende Dar nikasome chuo cha darasani. Tatu, Chuo Kikuu Huria nisome huku nafundisha. Hela sina, ila tuna kiwanja Pongwe tulinunua mie na mume wangu na kuna mtu anatoa milioni 9 taslimu.

Mume wangu kacheka. Kasema masta ya kuongea na watoto? Bibi yangu kafunda wali miaka arobaini na hana cheti hata cha darasa la saba. Nilicheka nae ila iliniuma.

Nishauri, nichukue njia ipi, na kiwanja niuze? Na je, yule mtoto nilimkosea?

Mama Nasra, Tanga


Marahaba mwanangu,

Swali la mwisho umeliuliza kama mtu anayeuliza bei huku keshageuza mgongo. Naanza nalo hilohilo, maana barua yote inatoka pale.

Kumwambia mkuu hukukosea. Hilo litoe kichwani kabisa. Mtoto wa miaka 16 anaozeshwa, na tangu sheria ya elimu irekebishwe 2016, kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30, na anayemuozesha nae ana kosa. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mtu yeyote kwenye jamii, sio mwalimu tu, akijua haki ya mtoto inavunjwa akatoe taarifa serikali za mitaa. Ungekaa kimya ungekuwa umemsaidia baba mdogo kubeba kitanda cha arusi.

Ulipokosea ni ile wallahi. Ulimuapia mtoto kitu ambacho hukuwa na uwezo wa kukitimiza, na hukuwa na uwezo kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kukwambia, siku tatu za semina zote ziliishia kwenye maana ya unasihi na aina za unasihi na umuhimu wa unasihi. Waliosoma kazi hii kitu cha kwanza wanachofundishwa, kabla hata ya kusikiliza, ni namna ya kufungua mlango. Unamwambia mtoto kabla hajasema neno: utakachonieleza kitabaki hapa, ila nikisikia kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, au mtu mwingine ataumia, hapo itabidi nimwambie wa kutusaidia, na kabla sijamwambia nitakwambia wewe kwanza. Sentensi mbili tatu. Kuna watoto watanyamaza wakishasikia hivo, kweli, ila wengi wanasema tu, maana mtoto anayekuja mwenyewe saa nne na mguu mmoja juu ya mwingine hajaja kutafuta siri, kaja kutafuta mtu mzima.

Na kosa la pili si lako peke yako. Z alitakiwa ajue taarifa inakwenda kwa nani, lini, na nani hatakiwi kupigiwa simu. Baba mdogo ndo wa kukimbiwa halafu ndo wa kwanza kupigiwa! Ulitakiwa uende nae kwa mkuu, au uende kwa afisa ustawi wa jamii moja kwa moja, au upige 116 ile ya mtoto ambayo ni bure, halafu urudi umwambie nimefanya hivi, kesho watafanya hivi. Mtoto hakuvuka barabara kwa sababu ulisema. Alivuka kwa sababu alijua kwa kuona vichwa madirishani.

Sasa masta.

Nina mtoto wa dada yangu yuko Marekani, kasomea hiyohiyo unayoitaka, unasihi wa shule, na miaka yote miwili alikuwa ananitumia sauti ndefu WhatsApp analalamika, kwa hiyo najua kidogo inavyokwenda. Kule vyuo vinavyokubalika vyenye ithibati ya CACREP, chombo cha kule kinachokagua kozi za unasihi, vinataka krediti 60 za muhula. Haya, krediti ni krediti. Lakini mazoezi: kwanza masaa 100, angalau 40 kati ya hayo umekaa na watoto wenyewe ana kwa ana, afu unakwenda masaa 600 mengine shuleni na 240 lazima yawe na watoto. Na kila wiki unakaa na msimamizi. Anachokifanya huyo msimamizi ndo unalipia, vitabu ni ziada. Alikuwa anarekodiwa vidio akiongea na mwanafunzi (kwa ruhusa ya mzazi), wanaiweka, wanaiangalia, dakika ya nne msimamizi anaisimamisha: hapa mtoto kasema "basi tu", wewe ukamuuliza kuhusu mitihani, kwa nini? Siku ya kwanza alilia. Alidhani alikuwa anaongea vizuri, kumbe kila mtoto akikaribia kwenye jambo anambadilishia mada kwa sababu yeye mwenyewe anaogopa. Hakujua. Hakuna kitabu kingemwambia hivo maana kitabu hakimuoni.

Kwa hiyo wakala wako anaposema hakuna mazoezi, unasoma na kuandika tu, na anasema kama sifa, kakwambia mwenyewe kuwa anachouza hakina kitu ndani. Ni sawa na kujifunza kuogelea juu ya mkeka, siku ukifika Raskazone unazama na cheti mkononi. Halafu hata ile digrii ya kweli ya kule kwao inamuandaa mtu apate leseni ya jimbo, kila jimbo na idara yake ya elimu na masharti yake, hiyo leseni Tanga utaitundika wapi. Na cheti cha nje hapa kinapita TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kitambuliwe, kwa hiyo ukitaka kumjua mtu wa namna hii muulize jina kamili la chuo, afu nenda kawaulize TCU kabla hujatoa hata senti. Utaona anavyokuwa bize ghafla. Na hiyo haraka ya mwisho wa mwezi ni haraka ya mwenye kuuza, chuo kina muhula na muhula unarudi.

Kuna programu za onlaini za halali, nisikutie uongo, lakini hata hizo masaa ya mazoezi yako palepale, unayafanyia kwenye shule ya kweli na mtu wa kweli anakuangalia.

Njia za hapa nyumbani. Chuo Kikuu Huria ni chuo halali kimeanzishwa kwa sheria ya 1992, kikaanza kufundisha 1994, na kituo kipo hapahapa Tanga, huna haja ya kupanda basi Kange. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Shule Kuu ya Elimu na kuna masta ya saikolojia ya jamii. Muhimbili nao wana masta ya saikolojia tiba lakini ile ni njia ya hospitali, usivutwe na jina. Vyuo vingi vinataka GPA kuanzia 2.7 kwenye digrii ya kwanza, kaangalie cheti chako kabla hujaota mbali. Majina ya kozi yanabadilika, kwa hiyo nenda na prospekta ya mwaka huu, na ukifika usiulize ada kwanza. Uliza mazoezi ni masaa mangapi, nitayafanyia wapi, na nani atakaa ananiangalia nikiongea na mtoto na mara ngapi. Mtu wa dawati la udahili akikuangalia kama umemuuliza Kichina, omba kuonana na mkuu wa idara, na yeye akisema utaandika tu ripoti mwishoni basi hiyo ni masta nzuri ya kufanyia utafiti na kupanda daraja, si ya kukutoa kwenye stoo ile ukiwa mtu mwingine.

Chuo kile chenye majibu mazuri ndo chako, kiwe Huria au Dar. Mie naelemea Huria kwa sababu unabaki na watoto, unasoma jana unajaribu leo, na mshahara unaingia. Ila ukiamua Dar usiondoke kwa ahadi ya mdomo. Barua ya udahili kwanza, afu barua ya kuomba ruhusa ya masomo inapita kwa mkuu wa shule kwenda kwa Mkurugenzi, na unasubiri jibu la maandishi hata kama chuo kimefungua. Nimeona walimu wenzangu walioondoka kwa "we nenda tu, tutalimaliza", wakarudi wakakuta wameandikwa watoro kazini.

Na usinielewe vibaya kuwa ukirudi na masta utapewa ofisi na kibao mlangoni. Hapa kwetu mnasihi wa shule ni mwalimu mwenye vipindi vyake na unasihi umewekwa juu kama mzigo wa kuni. Kule Marekani chama cha wanasihi wa shule, ASCA, kinapendekeza mnasihi 1 kwa wanafunzi 250, na hapangiwi vipindi vya masomo kama wewe. Wewe una 26 na shule nzima. Ukirudi na masta kuna uwezekano mkubwa utapangiwa vipindi 26 vilevile, uende ukijua.

Lakini kuna jambo kwenye barua yako limenikaa zaidi ya masta, na ni jambo ambalo hukuliandika. Hukusema kama una fimbo.

Nami najua unayo, kila mwalimu wa zamu anayo. Wiki yako ya zamu unasimama getini saa moja kasoro, wachelewaji wanapiga magoti, unapita nao. Mtoto uliyemchapa Jumanne saa moja unataka akufungulie moyo Jumatano saa nne? Na mkono ni uleule. Mimi nimefanya hivo miaka mingi, shule siitaji, nilikuwa mwalimu wa malezi na mwalimu wa nidhamu kwa pamoja, kofia mbili kichwa kimoja, na nilikuwa najisifu kuwa watoto wananiheshimu. Kuna kijana nilimchapa wiki nzima kwa kuchelewa, kwa mkono wangu huu. Kumbe mama yake ni mgonjwa hajiwezi na yeye ndo anamuogesha na kumpikia uji kabla ya shule. Niliambiwa na jirani yake, tena msibani. Yeye hakuniambia. Angeniambiaje?

Kanuni za viboko zetu wenyewe, zile za 2002, zinasema visizidi vinne na anayechapa ni mkuu wa shule au aliyeteuliwa nae kwa maandishi. Si kila mwenye mkono. Na kule kwa akina mtoto wa dada yangu chama chao kimeandika wazi kabisa kuwa kutoa adhabu si kazi ya mnasihi, si kwamba anakatazwa kwa sababu ya huruma, ni kwamba kazi haitafanyika. Kwa hiyo nenda kwa mkuu wako na ombi moja dogo, haligharimu hata shilingi: nitoe kwenye zamu ya getini na kwenye kamati ya nidhamu, nipe zamu nyingine hata mbili za bustani au maktaba. Kama akikataa, bado wewe mwenyewe fimbo unaweza kuiacha. Watoto wataona ndani ya wiki moja, watoto wanaona kila kitu.

Na hiyo stoo achana nayo. Kwenye plaiwudi huwezi kumwambia mtoto kuwa utakachosema kitabaki hapa wakati nyote wawili mnamsikia mwalimu wa hesabu akipiga chafya. Shule zetu za Tanga hazikosi mkungu au mwembe uwanjani. Weka viti viwili chini ya mti, mahali ambapo kila mtu anawaona na hakuna anayewasikia, usikae mkatazamana uso kwa uso kama polisi, kaa upande, mtoto apate pa kuangalia. Mimi ningechukua na kitu cha mikono, kumenya machungwa ya Muheza au kupanga daftari, mtoto anaongea zaidi mtu mzima akiwa anafanya kitu.

Wa kukuangalia unaweza kumpata hata kabla ya chuo. Tafuta mwalimu mwenzako mmoja unayemuamini, mkae dakika ishirini kila wiki, yeye akueleze jambo lake dogo la kweli, labda kagombana na wifi, na wewe ruhusa yako ni kusikiliza na kurudia ulichokisikia, ushauri hapana. Jaribu uone. Dakika ya tatu utakuwa unauma ulimi, maana sisi walimu tumezoea jibu. Halafu mbadilishane. Na nenda hospitali ya Bombo, ulizia watu wa afya ya akili, uwaulize kama watakubali uwapelekee kesi ngumu kwa mdomo bila jina la mtoto, mara moja kwa mwezi. Wengine wanafurahi kuulizwa.

Nikisema unasihi usidhani ni machozi tu pia. Kazi hii ilivyoanza kule Boston mwaka 1908, na bwana mmoja Frank Parsons, ilikuwa ni kuwasaidia vijana kuchagua kazi, basi. Na hapo ndo watoto wako wanaumia kimyakimya bila mtu kujua. Tahasusi za kidato cha tano zilikuwa 16, mwaka 2024 zikatangazwa 65, na mtoto wa kidato cha nne anaijaza fomu kwa kufuata rafiki yake. Anza na hilo. Mtoto anayekuja kwako kuuliza tahasusi hachekwi na wenzake, na akishakaa kwenye kiti mara mbili kwa ajili ya tahasusi, mara ya tatu anakuja na lile jingine.

Haya, mume wako. Mie kwenye hili niko upande wake nusu, usinikasirikie. Bibi yake kafunda wali miaka arobaini: muulize, katika hiyo miaka arobaini kuna neno lililosemwa ndani likasikika uwani? Halipo. Kungwi akitoa ya ndani hakuna atakayemkabidhi mwali tena, habari yake imekwisha mtaa mzima. Somo wa pwani alijua kufunga mlango kabla chuo chochote hakijafundisha, na wewe shule yenu imeshindwa hilo kwa saa tano, kutoka asubuhi mpaka saa nane. Kwa hiyo usimdharau bibi, nenda kamkalie mkekani umuulize. Tofauti ni kwamba mwali analetwa na wazazi wake, na jibu kungwi analo tangu hajaingia, kazi ni kulifikisha. Z alijileta mwenyewe na jibu hakuwa nalo mtu. Hapo ndo unapohitaji kusoma, na ukimueleza mumeo hivo badala ya kumuonyesha ujumbe wa wakala nadhani atakusikia, kwanza hakukukatalia, alicheka tu, na wanaume wa Tanga wakicheka wanakuwa wanafikiria hela.

Kiwanja usiuze. Ni cha wawili, na masta ya Huria unaweza kulipa kidogokidogo kwa mshahara ukijibana, waulize pale kituoni utaratibu wa kulipa kwa awamu. Kiwanja cha Pongwe ukikiuza leo milioni 9, kukinunua tena baada ya miaka mitatu ni ndoto.

Nabaki na Z. Usimvizie sokoni. Siku mkikutana uso kwa uso hana pa kuvukia, sema kifupi: nilikuapia kitu ambacho sikuweza, kosa ni langu, wewe hukukosea kuniambia. Usimuombe msamaha mara tatu mpaka awe na kazi ya kukubembeleza wewe. Ila kabla ya siku hiyo kuna kazi yake ya kufanya na ni ya karatasi. Waraka wa 2021 wa kuwarejesha shuleni wanafunzi walioacha kwa sababu mbalimbali unamhusu, hata kama yeye hakupata mimba. Pangani kuna sekondari. Anachohitaji ni uhamisho na matokeo yake ya kidato cha pili, na vyote viko kwenye faili ofisini kwenu. Katoe nakala, muombe mkuu asaini fomu ya uhamisho, jaza kila kitu isipokuwa pale pa kusaini mzazi au mlezi, tia kwenye bahasha afu Jumamosi panda gari ya Pangani ukamkabidhi bibi yake mkononi. Usimtume mtu, na njiani usimueleze mtu unakwenda kufanya nini.